Siasa Kabla ya Kura: Klabu ya Kriketi ya Shannon, Port of Spain, 1918–1939

Historia ya klabu za kriketi za ridhaa kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya wanachama wenyewe: orodha ya manahodha, vikombe, mechi zilizokumbukwa. Msomi anapoingia, huigeuza klabu kuwa kioo, kana kwamba siasa inafanyika kwingine na mchezo unaonyesha sura yake tu. Kwa Klabu ya Shannon ya Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, mtazamo huo haufai. Hoja yangu ni kwamba kati ya vita kuu mbili za dunia Shannon ilikuwa yenyewe ni uwanja wa siasa, tena wa watu ambao serikali ya koloni ilikuwa haijawapa uwanja mwingine.

Shahidi mkuu ni C. L. R. James, mwandishi wa Trinidad, katika kitabu chake cha 1963, Beyond a Boundary. Amezipanga klabu za mji huo kwa namna ambayo mkazi yeyote wa enzi hiyo angeitambua bila kuelezwa. Juu kabisa ilikuwa Queen's Park, klabu ya weupe na matajiri, yenye uwanja wake, Oval, na yenye kauli ya mwisho juu ya kriketi yote ya kisiwa. Wengine walitandika mkeka wa kuchezea kwenye Savannah, uwanda wa wazi wa mji. Shamrock ilikuwa ya Wakatoliki weupe wenye asili ya Kifaransa. Polisi weusi walikuwa na timu yao, na nahodha wao alikuwa ofisa mzungu. Maple ilikuwa ya machotara wa tabaka la kati. Stingo, ya mafundi, wachinja nyama na vibarua. Shannon ilikuwa ya weusi waliosoma kidogo kuliko mawakili na zaidi kuliko vibarua: walimu, makarani, wafanyakazi wa viwanda vya uchapaji.

Tabaka hilo lilikuwa wapi kisiasa? Trinidad ilikuwa koloni lililotawaliwa moja kwa moja na Gavana, na uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika 1925. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 7 tu, na masharti ya mali na kipato yaliwaacha takriban asilimia 6 ya wakazi wakiwa na haki ya kupiga kura. Mwalimu aliyefundisha watoto historia ya Bunge la Uingereza aliweza kabisa kukosa kura katika mji wake mwenyewe. Alizijua kanuni za watawala kuliko wengi wao walivyozijua, na bado hakupanda. Nadhani hapa ndipo penye ufunguo wa swali ambalo wasomaji wa James hulipita haraka: kwa nini Shannon, wala si Stingo, ndiyo iliyobeba matumaini ya umma? Kibarua alidhulumiwa zaidi, hilo halina ubishi. Lakini karani ndiye aliyekuwa ametimiza kila sharti aliloambiwa atimize.

Ndiyo maana Shannon walicheza walivyocheza, kwa nidhamu ambayo familia ya Constantine inaionyesha vizuri. Lebrun Constantine, msimamizi wa shamba la kakao ambaye mwaka 1900 alipiga mikimbio 113 katika uwanja wa Lord's, kwenye ziara ya timu ya West Indies nchini Uingereza, alimzuia mwanawe Learie asishiriki mashindano makubwa ya klabu hadi 1920, akitaka kwanza akomae na atafute taaluma. Nyumbani mazoezi yalikuwa ya familia nzima, mama akidaka mpira nyuma ya wiketi. Kijana huyo alipoingia Shannon akawa mdakaji asiye na mfano, na nidhamu hiyo ya kudaka ndiyo naiona kuwa kiini cha klabu. Kupiga mpira vizuri kunaweza kuwa kipaji cha mtu mmoja. Kudaka vizuri siku nzima juani ni makubaliano ya watu kumi na mmoja kwamba hakuna atakayelegea.

Kinyume chake ni James mwenyewe. Mwenye ngozi nyeusi na elimu nzuri, aliweza kuchagua Maple au Shannon, naye akachagua Maple. Baadaye aliandika kwamba uamuzi huo ulichelewesha ukuaji wake wa kisiasa kwa miaka mingi. Kama klabu ingekuwa burudani tu, maneno hayo yasingekuwa na maana yoyote.

Kisa cha Wilton St Hill kinaonyesha upande mchungu. Mpigaji huyu wa Shannon, ambaye umma ulimwona kuwa fahari yake, aliachwa nje ya ziara ya Uingereza ya 1923, na James anasema watu wengi waliamini rangi ndiyo sababu. Alipochukuliwa 1928 alishindwa vibaya. Learie Constantine ndiye aliyeng'ara katika ziara hiyo: dhidi ya Middlesex alipiga 86, akachukua wiketi 7, kisha akapiga 103. Mwaka uliofuata akaajiriwa na klabu ya Nelson, mji wa wafumaji wa pamba huko Lancashire. Misimu tisa alikuwa huko, na timu ilitwaa ubingwa mara saba.

James alimfuata Nelson mwaka 1932. Huko huko kikachapishwa kitabu chake juu ya Kapteni Cipriani, kiongozi wa wafanyakazi wa Trinidad, kwa msaada wa fedha za Constantine. Kufikia 1935 James alikuwa London, mwenyekiti wa chama cha kuitetea Ethiopia dhidi ya Italia, na katibu wa chama hicho alikuwa Jomo Kenyatta. Sidai kwamba Shannon ilizaa yote haya. Nadai kwamba pesa ya mchezaji wa Shannon ililipia hoja ya kujitawala, na kwamba mchezaji huyo alijua anachokilipia.

Hoja ina mpaka wake, na inafaa ukaguliwe kwa makini kuliko nilivyoweza hapa. Katika ngazi ile ya klabu sita, Wahindi wa mashamba ya miwa, takriban theluthi ya wakazi wa Trinidad, hawana ngazi yao. Mtu wa kwanza mwenye asili ya Kihindi kuichezea West Indies, Sonny Ramadhin, alitokea 1950. "Umma" uliomshangilia St Hill ulikuwa mpana kwa kulinganisha na Queen's Park. Kwa kulinganisha na kisiwa kizima, ulikuwa bado ni umma wa mji.