Mkia wa Porsche

Wapenzi wa magari ya zamani wana ugomvi usiokwisha: ukilifumua gari na kulisuka upya, je, ni lile lile? Jibu tulitafute katika mbio za Safari.

Porsche 911 ni gari la Ujerumani lililoundwa kwa ajili ya lami. Injini yake ya silinda sita ilipozwa kwa hewa, bila rejeta, nayo iliwekwa nyuma kabisa, kupita hata magurudumu. Wengi waliuona mkia huo mzito kuwa kasoro, maana kwenye kona hupenda kutangulia. Lakini katika matope ya Afrika Mashariki, uzito ule ule ndio unaoyakandamiza magurudumu ya nyuma yashike ardhi.

Mwaka 1974 Mswidi Björn Waldegård alikuwa wa pili, nyuma ya Mkenya Joginder Singh na Mitsubishi yake. Mwaka 1978 kiwanda kililiinua gari hadi sentimita 28 kutoka ardhini, kikalikinga tumbo kwa bamba. Vic Preston mdogo akawa wa pili! Safari ile ya asili Porsche hawakuishinda kamwe.

Tangu 2003 kuna Safari ya magari ya zamani. Mafundi huivua 911 hadi bodi tupu, huchomelea, huimarisha, huinua. Sioni dhambi hapo. Ila injini haihami. Ukiipeleka katikati umeunda gari jingine. Kwa 911 ya namna hiyo, na mkia wake, Waldegård alishinda mwaka 2011, akisomewa njia na mwanawe Mathias.