Chaa wa Pwani na Chungu cha Nanyamba

Hata kabla Livingstone hajashuka Mikindani mwaka 1866, watu wa pwani ile walikuwa wakimvua chaa. Maji yajaapo, mvuvi husimama mchangani, hutupa mshipi wenye chambo hapo mawimbi yavunjikapo. Chaa ni mdogo, tena ana miiba, lakini nyama yake tamu.

Nanyamba ni mbali na bahari, na samaki mbichi huoza upesi. Basi alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani. Huyo ndiye ng'onda, aliyepandishwa bara kwa kichwa. Mpishi humrowesha kwanza, kisha humpika kwa tui.

Baadaye wengine walivua kwa baruti, matumbawe yakavunjika, mazalio yakaharibika. Mwaka 2000 Serikali ikaweka Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mwenye mshipi hakuwa amevunja jiwe hata moja.