Boerboel: mbwa wa ulinzi anayetaka hesabu kabla ya kununuliwa

Wenye yadi za malori na maghala wanaotafuta mbwa mkubwa wa ulinzi hukutana mapema na jina la boerboel. Ni mbwa wa Afrika Kusini, dume lake huweza kuzidi kilo 70, na bei yake humshtua anayenunua kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, bei ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Kinachoumiza ni matunzo ya miaka 9 hadi 11 anayoishi.

"Boer" kwa Kiafrikana ni mkulima. Asili ya mbwa huyu huhesabiwa tangu 1652, Waholanzi walipofungua kituo Rasi ya Tumaini Jema na kuleta mbwa wakubwa wa Ulaya. Makaburu walipohamia bara walimtegemea kulinda familia na mifugo katika mashamba yaliyo mbali na majirani. Baadaye kampuni ya almasi ya De Beers iliingiza bullmastiff kutoka Uingereza kulinda migodi, na damu hiyo nayo ikachanganyika. Mwaka 1983 wafugaji waliunda chama mjini Senekal, Free State, ili kuokoa mbegu iliyokuwa ikipotea. Denmark ilimpiga marufuku mwaka 2010, ikimweka katika kundi la mbwa hatari.

Hatari hiyo si ya kupuuzwa yadini, ambako makuli na madereva wageni huingia kila siku. Boerboel asiyezoeshwa watu tangu akiwa mdogo hamtofautishi kuli na mwizi, na gharama za matibabu ya aliyeng'atwa humrudia mwenye mbwa. Kumfunga mnyororo mchana kutwa si dawa, humzidishia ukali.

Mtoto wa mbwa huyu hukua kwa kasi, na hapo ndipo wengi hukosea. Wanamshibisha kupita kiasi na kumwongezea madini ya chokaa wakidhani wanamjenga, kumbe wanaharibu nyonga na viwiko. Asiachwe kuruka kutoka kwenye bodi ya lori kabla mifupa haijakomaa, yaani mpaka atimize kama mwaka mmoja na nusu. Mkubwa apewe chakula mara mbili kwa siku, si mlo mmoja mzito, kwani tumbo likijaa gesi na kujisokota huweza kumuua kwa saa chache. Kupe nao wadhibitiwe mwaka mzima: ufizi ukipauka na mkojo ukawa mwekundu, aitwe daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa anayevuka naye mpaka, nchi nyingi hudai kibali cha kuingiza mnyama, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 3, kisha husubiriwa wiki kadhaa. Muuzaji anayeleta mtoto wa wiki 8 na kudai karatasi zote zimekamilika atiliwe shaka kabla fedha hazijatoka mfukoni.