Tiketi ya 06:00, Basi la Saa 12

Mtu wa Ilomba, hapa Mbeya, anayekwenda Dar es Salaam hukatiwa tiketi iliyoandikwa 06:00, na papo hapo wakala humwambia: "Saa 12 kamili alfajiri, uripoti saa 11 na nusu." Wote wawili, tiketi na wakala, wamesema kweli. Anayeisoma 06:00 kuwa saa 6 atafika stendi mchana, basi likiwa limeshaiacha Makambako.

Zamani hapakuwa na cha kukosea. Rhodesia, iliyokuwa njia ya mizigo ya Zambia, ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta na shaba ya Zambia vilipitishwa kwa malori hapa Mbeya, kwenye barabara ya udongo ambayo madereva waliiita njia ya jehanamu. Masika yakiingia, lori lilifika pale tope lilipoliachia.

Ratiba ya kuchapwa ilishika mizizi na TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa Julai 1976. Nayo ilikuja na mtihani wake: Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Tunduma ikiwa saa 9 alasiri, ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ni saa 8. Abiria anayeunganisha safari huko sharti aulize saa ya nani. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyokwenda na treni kuchelewa, wengi waliacha kuuliza inafika saa ngapi. Wakauliza imefika wapi.

Kwa mabasi, iliyopanga saa ilikuwa serikali. Tangu miaka ya 1990, kwa sababu ya ajali na ujambazi, mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha. Safari ya zaidi ya kilomita 800 ikabidi ianze alfajiri, na basi lililoharibika njiani lililala na abiria wake. Naona ndiyo sababu saa 12 alfajiri imetukaa vichwani kama saa ya safari yenyewe.

Zuio liliondolewa mwaka 2023, na mtego mpya ukazaliwa. Basi la 00:30 la tarehe 14 huondoka usiku ambao sisi tunauhesabu bado ni wa tarehe 13. Mkata tiketi mzoefu hataji tarehe peke yake, husema, "Ni usiku wa kuamkia Jumamosi, mama, siyo Jumamosi usiku."