Fedha za Serikali Hutoka Wapi: Tangu Bodi ya Sarafu hata Benki Kuu

Katika mikutano ya Chama chetu swali moja hurudi kila mara visima vinapotajwa: ikiwa Serikali ndiyo mwenye kuchapa noti, yawaje ikose fedha za kuchimba kisima cha Griftu? Swali hili si la mzaha, na jibu lake limo katika historia. Ndiyo maana tumeliandikia kurasa hizi za taarifa ya mwaka.

Wazee wetu waikumbuka senti kumi yenye tundu katikati, na noti zenye maandishi ya Kiarabu na ya Kigujarati kando ya Kiingereza. Fedha hizo hazikuwa mali ya Serikali ya Kenya. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919. Kanuni yake ilikuwa ngumu lakini nyepesi kueleza: shilingi 20 hazikutoka huku mpaka pauni moja iwe imewekwa kule London. Pauni hizo Bodi ilizitia katika hati za mikopo ya serikali za ng'ambo, ikavuna faida. Mfugaji wa Griftu aliyeficha shilingi 20 mkobani alikuwa, pasipo kujua, amewakopesha wageni pauni moja. Hata mwaka 1955 ndipo Bodi iliporuhusiwa kununua hati za serikali za Afrika ya Mashariki zenyewe, kwa mpaka wa pauni milioni 10.

Basi Serikali ya kikoloni haikuweza kuumba hata senti. Ilitumia ilichotoza, ilichokopa, au ilichopewa na Uingereza. Kodi ya kichwa ilipofika Kaskazini katika miaka ya 1930, mfugaji alilazimika kuuza mnyama ili apate shilingi, ilhali mifugo ya Kaskazini ilikuwa imefungiwa njia ya kusini kwa karantini. Aliyetaka fedha yake ndiye aliyembana soko lake. Jambo hilo wazee hawahitaji kufundishwa na sisi.

Tarehe 14 Septemba 1966 Benki Kuu ya Kenya ilifungua milango, na noti zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta zikaanza kutoka. Mwaka uliofuata Bwana Duncan Ndegwa akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Gavana wake. Tangu hapo mambo yaligeuka. Hazina ina hesabu yake katika Benki Kuu. Mwalimu au askari alipwapo, tarakimu hupungua katika hesabu ile na kuongezeka katika benki yake. Kodi huzirudisha fedha hizo, na ndiyo pia humfanya kila mtu aitafute shilingi, maana hapana kodi ilipwayo kwa ngamia. Pengo likibaki, Serikali huuza hati za Hazina kwa mabenki na watu binafsi, au hukopa Benki Kuu yenyewe.

Serikali ya namna hii haiwezi kuishiwa na shilingi. Yaweza kuishiwa na vitu vinavyonunuliwa kwa shilingi. Tufikiri juu ya zamu ya kunywesha kisimani: msimamizi akitoa zamu mia mahali pa zamu thelathini, maji hayaongezeki, kinachoongezeka ni ugomvi. Mtambo wa kuchimba, pampu na dizeli hutoka ng'ambo, navyo hulipiwa kwa fedha za kigeni ambazo Nairobi haizichapi. Nchi nzima iliona hayo baada ya uchaguzi wa 1992, fedha zilipomwagwa kupita kiasi: mwaka 1993 bei zilipanda kwa kadiri ya 46 kwa mia, na riba ya hati za Hazina ikapita 70 kwa mia. Mwenye mbuzi alikuwa na nafuu kuliko mwenye akiba ya noti. Baadaye sheria iliweka mpaka: deni la Serikali kwa Benki Kuu lisizidi 5 kwa mia ya mapato yake ya kawaida yaliyokwisha kukaguliwa.

Walakini hatukubali kwamba upungufu wa vitu ndio ulioinyima Griftu maji miaka yote. Benki Kuu ilipozaliwa, Kaskazini ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963. Na Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe penye ardhi nzuri, mvua na barabara, zipate kuzaa haraka. Shilingi ikawa yetu sote. Matumizi yake yakawa na makwao.

Katiba ya 2010 imebadili sehemu ya hayo. Kaunti ya Wajir hupata mgawo wake tangu 2013, lakini kaunti haitoi sarafu, wala haiwezi kukopa bila dhamana ya Serikali ya Taifa na idhini ya Bunge la Kaunti. Iko hivyo kama Serikali ya Kenya ilivyokuwa mbele ya Bodi: hutumia iletewacho na kilichotozwa. Kando ya mgawo huo, kifungu cha 204 kimeweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya moja kwa mia ya mapato ya Taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa. Hesabu yake hufuata mapato yaliyokwisha kukaguliwa na kuidhinishwa na Bunge, kwa hiyo ukaguzi ukichelewa, fungu hupimwa kwa mapato ya zamani. Mfuko huo una muda wa miaka 20, na ukomo wake ni Agosti 2030, ila Bunge likiuongezea muda kwa kura za zaidi ya nusu ya Wabunge na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti.