Fahamu kidhibiti kinacholinda sampuli ya gesi kiwandani, na hatari ya namba "nzuri" isiyo ya kweli

Kwenye chumba cha udhibiti cha kiwanda cha saruji, skrini inaonyesha oksijeni asilimia 5, kaboni monoksaidi kidogo. Kila kitu shwari. Lakini je, hiyo ni gesi ya sasa hivi, au ni ya dakika nne zilizopita?

Jibu lake linategemea kifaa ambacho wengi hawakijui: kidhibiti cha mfumo wa sampuli.

Kwa nini gesi ipimwe?

Tanuri la saruji linachoma makaa, mafuta au gesi. Hewa ikiwa haitoshi, mafuta hayaungui yote na kaboni monoksaidi inaongezeka. Gesi hiyo ni sumu, na pia inaweza kulipuka.

Viwanda vingi vina mtambo wa umeme wa volti kubwa unaonasa vumbi kabla moshi haujatoka kwenye bomba. Mtambo huo hutoa cheche. Cheche ikikutana na kaboni monoksaidi nyingi pamoja na oksijeni, mlipuko unaweza kutokea. Ndiyo maana kiwango cha gesi hiyo kikipanda, umeme wa mtambo huo hukatwa mara moja.

Kipimo kikichelewa, na umeme unachelewa kukatwa.

Safari ya sampuli

Mashine ya kuchambua gesi, ambayo mafundi huiita analaiza, haiwezi kukaa ndani ya tanuri. Sehemu ya kuchukulia sampuli joto linaweza kupita nyuzi 1,000 za selsiasi, na vumbi ni jingi. Kwa hiyo gesi huvutwa kidogo kidogo na kusafirishwa.

Inapita kwenye chujio, kisha kwenye mrija unaopashwa moto ili mvuke usigeuke maji njiani. Maji hayo ni tatizo: yanameza baadhi ya gesi, kama salfa dioksaidi, na kutengeneza asidi inayokula mabomba. Baada ya hapo gesi hupozwa haraka hadi karibu nyuzi 5, maji yanatolewa, na gesi kavu inaingia kwenye analaiza.

Vihisi ni macho, vali ni mikono

Njia nzima imewekwa vihisi, au sensa kama mafundi wanavyosema: vya joto, presha, mtiririko na unyevu. Hivi vinatoa taarifa tu.

Kazi yenyewe inafanywa na vali, pampu na hita. Katikati kuna kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ya kiwandani. Inasoma vihisi, inalinganisha na maagizo iliyopewa, inatoa amri, kisha inaanza upya. Mzunguko huo hujirudia mara nyingi kwa sekunde moja.

Mfano: kihisi cha unyevu kikigusa maji baada ya kipoza, kidhibiti kinazima pampu papo hapo. Bila hivyo maji yangeingia kwenye analaiza na kuiharibu.

Hesabu ya kuchelewa

Mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 na urefu wa mita 30 unabeba takriban lita 0.85 za gesi. Pampu ikivuta lita 1 kwa dakika, gesi inafika baada ya sekunde 50 hivi.

Sasa chujio likianza kuziba na mtiririko ukashuka hadi lita 0.2 kwa dakika, safari hiyo inachukua zaidi ya dakika 4. Analaiza haijaharibika. Inapima vizuri kabisa, ila inapima gesi ya zamani. Hapo ndipo penye hatari, maana namba haionekani kuwa na kasoro yoyote.

Kidhibiti kizuri kinaangalia mtiririko muda wote. Ukishuka, kinafungua vali ya hewa ya kompresa ili kupuliza vumbi nje ya chujio. Wakati wa kupuliza, kinaweka alama kwamba kipimo hicho hakihesabiki, ili mwendeshaji asidanganyike na hewa safi.

Ujanja wa miliampia 4

Vihisi vingi hutuma taarifa kwa mkondo mdogo wa umeme, kuanzia miliampia 4 hadi 20. Kama kipimo cha oksijeni ni cha 0 hadi asilimia 10, basi miliampia 4 ni sifuri, 12 ni asilimia 5, na 20 ni asilimia 10.

Kwa nini isianzie 0? Kwa sababu waya ukikatika, mkondo unakuwa 0. Kidhibiti kinajua mara moja kuwa hilo ni tatizo la waya, si kwamba oksijeni imeisha.

Vali nazo hupangwa ziende upande salama zenyewe umeme ukikatika, kwa nguvu ya springi.

Vilianzia wapi?

Zamani amri za mitambo zilitolewa na makabati yaliyojaa rilei na nyaya. Kubadili kazi ya mtambo kulimaanisha kufunga nyaya upya. Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilitafuta mbadala. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakaja na Modicon 084, moja ya PLC za kwanza duniani. Tangu hapo, kubadili kazi ni kubadili programu.

Kwenye sampuli, hatua nyingine ilitoka Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kupitia mpango wa NeSSI. Badala ya mirija iliyokunjwa, vali na vihisi hufungwa juu ya vipande vya chuma vya kipimo kimoja, upande milimita 38. Kiwango chake kilichapishwa mwaka 2002. Kizazi cha pili cha mpango huo kiliweka kidhibiti chake maalumu, SAM, cha kusimamia vihisi na vali palepale kwenye sampuli.

Fundi bado anahitajika

Kidhibiti kinaweza hata kupima usahihi wa analaiza: kinafungua gesi ya mtungi yenye kiwango kinachojulikana, kisha kinalinganisha majibu.

Lakini hakiwezi kujua kama mtungi uliofungwa una lebo isiyo yake, au kama kiungio cha mrija kimelegea na kinavuta hewa ya nje. Oksijeni ikipanda ghafla bila sababu, fundi mzoefu haanzi na tanuri. Anaanza kukagua viungio.