Garibembea, si "Treni Iliyosimamishwa"

Garibembea ni rolakosta ambayo mabehewa yake hukaa chini ya reli, kila behewa likishikwa na mkono wenye kiungo kinachocheza, hata likifika konani huyumba upande. Garibembea la kwanza la kisasa, The Bat, lilitengenezwa na kampuni ya Arrow na kufunguliwa Kings Island, Ohio, mwaka 1981. Lilifungwa 1983, kwa kuwa reli zake hazikulazwa konani na nguvu za kuyumba zikawa zinakichakaza chombo. Big Bad Wolf, lililofunguliwa Virginia mwaka 1984, lilidumu hadi 2009.

Chombo hiki huitwa pia "treni iliyosimamishwa". Tafsiri hiyo ya neno la Kiingereza "suspended" ni kosa la wazi. Kinachosimamishwa kwa Kiswahili ni basi mbele ya askari wa barabarani, au mtumishi aliyezuiwa kazini. Msikilizaji ataelewa kwamba treni imekatazwa kwenda. Ndiyo matokeo ya vikao vya istilahi vinavyochukua maana ya kwanza iliyoorodheshwa kamusini na kugonga mhuri, bila kuuliza chombo kinafanya nini.

Wapo pia wanaoshikilia "rolakosta tundikwa". Hao wako karibu zaidi, lakini hawajafika. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya jambo hili, na kila kimoja kina mipaka yake. Kuangika ni kuweka kitu kwenye kigingi au msumari, kama nguo. Kutundika ni kukiweka juu kikae huko. Vyote viwili hueleza kazi ya aliyekiweka kitu, si mwendo wa kitu chenyewe. Kuning'inia humtazama anayening'inia, ila hakudai kwamba ayumbe. Kubembea peke yake hubeba mambo mawili pamoja: kushikwa kwa juu na kwenda huku na huku. Mzizi wake unasikika pia katika bembeleza. Mtoto wa Nakwa, mjini Babati, aliyefunga kamba kwenye tawi la mti anaifahamu kanuni nzima ya chombo hiki, na hakuna sababu ya kumnyima jina analolijua tayari.

Gari nalo lina haki yake. Neno hili lililotoka Kihindi limekwisha kuzaa garimoshi kwa njia hii hii ya kuunganisha majina. Tena linafaa kuliko treni, ambayo humfanya msomaji atafute kichwa chenye injini: hapa mnyororo huvuta mabehewa hadi kileleni, kisha uzito wao wenyewe huyaendesha.

Faida kubwa ya istilahi hii ni kutenganisha vyombo viwili. Batman: The Ride, iliyofunguliwa mwaka 1992 katika bustani ya Six Flags Great America, nayo ina viti chini ya reli, lakini vimekazwa visiyumbe, na humpindua abiria kichwa chini. Hiyo ni rolakosta ya kuning'inia, si garibembea. Vekoma, watengenezaji wa Uholanzi, huuza rolakosta za viti vilivyokazwa kwa sifa ileile ya Kiingereza inayotumika kwa zile zinazoyumba. Kiswahili hakilazimiki kurithi mkanganyiko huo.

Katika matumizi: garibembea limepanda, magaribembea yamepanda, huandikwa neno moja, bila kistari.